Mholanzi Aliyeusoma Udongo wa Kabete

Mwaka uliopita nilipokuwa nikipita kando ya barabara ya Tom Mboya, katikati ya jiji la Nairobi, niliinama mbele ya muuzaji wa vitabu vikuukuu kama ilivyo desturi yangu kila mwisho wa mwezi. Nilikuwa nikitafuta kamusi. Nilichokipata ni ramani: karatasi pana iliyokunjwa mara nyingi hata mikunjo yake ikaanza kutoboka, imejaa madoa ya rangi za kahawia, manjano na zambarau. Ilikuwa ramani ya udongo wa Kenya nzima, ya mwaka 1980, iliyochorwa kwa kipimo cha moja kwa milioni moja. Muuzaji alitaka shilingi 500, tukapatana kwa 300. Nadhani alidhani nakwenda kuitundika ukutani.

Mimi ni mwalimu wa isimu. Kazi yangu ni maneno na sauti, na mwanafunzi yeyote wa kilimo angeweza kunisahihisha katika haya nitakayoyaeleza. Lakini nilizaliwa na kulelewa Uthiru, jirani na maabara za kilimo za Kabete, na tangu utotoni nilikuwa nikiliona lango lake bila kujua ndani mlifanywa nini. Sasa nilikuwa nimeishika mkononi kazi iliyotoka humo. Katika orodha ya walioitayarisha, jina la kwanza lilikuwa la Mholanzi, Wim Sombroek.

Kwa mtu wa Uthiru ramani hiyo ina kichekesho chake. Sentimita moja ni kilomita kumi. Kwa hiyo safari ya kutoka University Way hadi Kabete, ambayo jioni kwa matatu ya Waiyaki Way yaweza kumla mtu saa nzima na zaidi, ni fupi kama upana wa ukucha. Kangemi, Uthiru na Kinoo zote zimemezwa na doa moja la rangi. Shamba la mama yangu, robo ekari, halionekani hata ukitumia kioo cha kukuzia. Nilikaa na ramani hiyo miezi mingi, nikaanza kusoma habari za aliyeisimamia, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyotambua kwamba kasoro hiyo aliijua kunishinda. Maisha yake yote yalikuwa baina ya ramani kubwa na bustani ndogo. Ni kwa sababu hiyo nawaandikia walimu na wanafunzi habari zake, kwa kuwa Kenya hatumtaji, ilhali miongoni mwa wanasayansi wa udongo ulimwenguni ni nadra kumpata asiyemjua.

Alizaliwa Uholanzi mwaka 1934. Alipokuwa na umri wa miaka kumi, nchi yake ilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani, na katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 chakula kilizuiliwa kuingia katika miji ya magharibi. Waholanzi mpaka leo huyaita majira hayo baridi ya njaa. Watu wapatao 20,000 walikufa. Walionusurika walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu. Jamaa ya Sombroek waliokoka kwa mavuno ya kipande kidogo mno cha ardhi, na kipande hicho ndicho kiini cha kisa chote.

Udongo wa asili wa sehemu nyingi za Uholanzi ni mchanga mtupu usiozaa kitu cha maana. Lakini kwa karne nyingi wakulima walikuwa wakikata mabonge ya majani pamoja na mizizi yake kutoka nyikani, wakiyatandika chini ya mifugo zizini, wakiyaacha yachanganyike na kinyesi na mkojo, kisha wakiyamwaga shambani. Babu alifanya hivyo, baba akafuata, mjukuu akaendelea. Pole pole tabaka jeusi likapanda juu ya mchanga. Udongo wa namna hiyo huitwa kwa Kiholanzi plaggen. Baba yake Sombroek naye alikuwa na mazoea ya kuongeza majivu na masalio ya moto wa nyumbani. Basi mtoto yule alikula viazi vilivyoota katika udongo ambao haukuumbwa na mvua wala miamba peke yake, bali mikono ya watu waliokwisha kufa zamani. Sidhani mtoto wa miaka kumi hulifikiria jambo kama hilo. Tumbo lake, hata hivyo, halikulisahau.

Alisomea sayansi ya udongo huko Wageningen, na mwishoni mwa miaka ya 1950 alikwenda Brazili kufanya uchunguzi katika bonde la mto Amazon kwa niaba ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Hapo alikabiliana na kitendawili. Udongo wa msitu ule, licha ya miti yake mirefu, ni maskini. Mvua ya maelfu ya miaka imeuosha ukabaki bila virutubishi. Utajiri wote umo katika miti yenyewe. Ukikata msitu na kuuchoma utavuna misimu miwili mitatu, kisha ardhi inakuchokea. Walakini hapa na pale, hasa kwenye miinuko ya kando ya mito, kulikuwa na vipande vya udongo mweusi mzito, vingine vya hekta moja mbili, vingine vikubwa zaidi, vilivyojaa vigae vya vyungu, mifupa ya samaki na vipande vya makaa. Wenyeji walikuwa wakivilima mwaka hata mwaka. Waliuita udongo huo terra preta do índio, yaani udongo mweusi wa Wahindi.

Mniwie radhi nisimame kidogo kwenye neno hilo, maana ndipo ilipo fani yangu. Wareno waliwaita wenyeji wa Amerika Wahindi kwa kosa la Columbus, aliyedhani amefika Bara Hindi. Sisi nasi, nafaka iliyotoka huko huko Amerika tuliita mahindi, kwa kudhani imetoka kwa Wahindi wa ng'ambo ya bahari yetu. Makosa mawili ya pande mbili za dunia yamekutana katika sahani ya githeri. Na lugha hiyo ya Wareno ndiyo iliyotuachia meza, bendera na gereza. Ingekuwa heri kama ingetuachia na neno la udongo huu.

Wataalamu walikuwa wamekwisha kuuona udongo huo tangu karne ya 19, lakini hawakukubaliana asili yake. Wako waliosema ni majivu ya volkano. Wako waliosema ni matope ya maziwa yaliyokauka. Sombroek alipouona aliikumbuka bustani ya kwao. Katika tasnifu yake ya mwaka 1966 kuhusu udongo wa Amazon aliueleza kuwa kazi ya binadamu, akaongeza jambo ambalo wengine hawakuwa wameliona: kwamba kandokando ya vipande vyeusi vyenye vigae mna eneo pana zaidi la udongo wa kahawia, usio na vigae vingi, ambalo kwa maoni yake lilitokana na kulimwa na kurutubishwa kwa muda mrefu. Aliuita terra mulata. Kwa maneno mengine, vile vyeusi vilikuwa viambo vya watu, na ule wa kahawia ulikuwa mashamba yao. Msitu uliodhaniwa kuwa haujaguswa na mkono wa mtu ulikuwa na wakulima.

Uchunguzi uliofuata umeonyesha kwamba vipande vingi kati ya hivyo vina umri wa miaka 500 hadi 2,500. Siri kubwa imo katika makaa. Kuni zikiungua kwa hewa ya kutosha hugeuka majivu, na kaboni yake yote hupaa angani. Zikiungua kwa kunyimwa hewa hubaki makaa. Makaa yana vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, vinavyohifadhi maji na kuwapa vijidudu vya udongo mahali pa kukaa. Yanapokaa ardhini miaka mingi, nyuso zake hubadilika zikawa na nguvu ya kushika madini kama vile kalisi na potasi yasioshwe na mvua. Mboji ya kawaida katika nchi za joto huoza upesi. Makaa hukaa karne na karne.

Kati ya Amazon na Nairobi, Sombroek alifanya kazi Uruguay na kaskazini ya Nijeria, katika bonde la mto wa Sokoto, mambo ambayo sitayaingilia. Mwaka 1972 serikali za Kenya na Uholanzi zilianzisha mradi wa uchunguzi wa udongo wa nchi yetu, makao yake yakiwa katika maabara za Kabete, na yeye akawa msimamizi wake hadi mwaka 1978.

Kazi yenyewe ilikuwa ya jasho. Mtaalamu wa udongo hauelezi udongo kwa kuutazama juu. Huchimba shimo la kumfika mtu kifuani au zaidi, akashuka ndani yake, akazikwangua kuta kwa kisu, akatazama tabaka moja baada ya jingine, akaufinyanga udongo kwa vidole kujua una mchanga kiasi gani, akailinganisha rangi yake na kitabu maalumu cha rangi. Kisha hupanda juu akatembea hadi mahali pengine akachimba tena. Wachunguzi wa Kabete walifanya hivyo mwaka hata mwaka, toka nyanda za juu hadi pwani, na Wakenya waliokuwa pamoja nao walikuja kuishika kazi. Mmoja wao, Fredrick Muchena, aliandika baadaye tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1987 juu ya udongo wa Tana ya chini, akawa miongoni mwa viongozi wa idara hiyo.

Nairobi yenyewe ni darasa tosha la fani hii, na mwalimu wa jiografia hahitaji basi la kukodi. Anayetoka Embakasi au South C wakati wa mvua huja na viatu vilivyogandamana matope meusi. Anayetoka Kangemi huja na vyekundu. Ule mweusi wa nyanda za mashariki na kusini huvimba ukilowa na kupasuka nyufa ukikauka, na wajenzi huuchimba wote wakauondoa kabla ya kuweka msingi, la sivyo kuta zitapasuka pamoja nao. Wanasayansi huuita vatisoli, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kugeuka, kwa sababu udongo wa juu huanguka ndani ya nyufa ukajipindua wenyewe pasipo jembe. Mwekundu wa matuta ya Kabete, Uthiru na Kikuyu huitwa nitisoli, kutokana na Kilatini pia, kwa maana ya kung'aa. Ukilivunja bonge lake vipande vyake hung'aa kama vilivyopakwa mafuta. Una kina kirefu, hunyonya maji bila kutuama, mizizi hushuka ndani yake bila kizuizi. Ndio udongo wa kahawa na chai. Ulimwenguni kote uko kwenye hekta zipatazo milioni 200 tu, na zaidi ya nusu ya hizo ziko katika nchi za tropiki za Afrika. Mwaka 1982 Sombroek, akishirikiana na mwenzake Siderius, aliandika makala nzima ya kujaribu kueleza ni alama zipi hasa zinazoutambulisha. Aliujua vema, alikuwa amefanya kazi juu yake kwa miaka sita.

Kuhusu majina hayo nina manung'uniko yangu. Katika miaka ya 1930 Mwingereza Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha Amani, Tanganyika, alionyesha jinsi udongo unavyofuatana kwenye mteremko, mwekundu juu, wa kijivu katikati, mweusi bondeni, kama pete za mnyororo mmoja. Alipohitaji jina la ule mweusi wa bondeni hakwenda Roma kulitafuta. Alilitumia neno alilolisikia kwa wenyeji, mbuga, na likaandikwa katika majarida ya Ulaya. Kazi za kituo hicho zilihamishiwa Muguga, mwendo mfupi tu kutoka Kabete, mwishoni mwa miaka ya 1940. Lakini neno mbuga halikupata urithi. Ramani yangu ya 1980 ina istilahi za Kilatini na Kigiriki kutoka pembe hadi pembe, na hamna hata jina moja ambalo mkulima wa Githunguri au Taita angelitambua. Sombroek alikuwa akijenga lugha moja ya wanasayansi wa dunia nzima, na naelewa kwamba jambo hilo lina faida zake. Hata hivyo mtu aliyejifunza kutoka kwa baba yake asiyekuwa mwanasayansi alipaswa, kwa maoni yangu, kuwaachia wakulima wetu nafasi kidogo pembeni mwa ramani.

Tukiachilia mbali hilo, ramani ilileta manufaa makubwa. Ilifuatana na nyingine iliyoigawa nchi katika kanda saba za kilimo kwa kulinganisha mvua inayonyesha na maji yanayoweza kupaa hewani. Katika kanda ya kwanza mvua hufikia zaidi ya asilimia 80 ya maji hayo; katika ya saba haifiki asilimia 15. Yeyote anayeitazama huona papo hapo jinsi kanda za kilimo cha uhakika zilivyo kipande chembamba, na jinsi sehemu kubwa sana ya Kenya ilivyo kavu. Miaka hii ambayo misimu ya mvua imekuwa haitabiriki, kipande hicho chembamba chastahili kutazamwa kwa jicho jingine. Kabete imo ndani yake.

Aliporudi kwao mwaka 1978 aliongoza jumba la kimataifa la udongo huko Wageningen, ambalo baadaye liligeuka kituo cha habari za udongo wa dunia. Hapo ramani zake zilizidi kupanuka. Kwa ombi la shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa Nairobi, yeye na wenzake walitayarisha ramani ya kwanza ya dunia nzima inayoonyesha ardhi iliyoharibiwa na binadamu. Walikadiria karibu hektari milioni 2,000. Ramani hiyo ya mapema miaka ya 1990 imelaumiwa, na si bila haki, kwa kuwa ilitegemea makadirio ya wataalamu wa kila nchi kuliko vipimo vya uwanjani. Lakini kabla yake hapakuwa na chochote cha kuwekwa mezani mbele ya serikali. Toka 1991 hadi 1996 aliongoza idara ya ardhi na maji ya FAO huko Roma, na mwaka 1993, pamoja na wenzake wawili, alichapisha makala juu ya kiasi cha kaboni kilichomo katika udongo wa nchi za joto na namna ya kukiongeza.

Wakati huo waliozungumzia mabadiliko ya tabianchi walikuwa wakitazama mabomba ya moshi na misitu. Udongo ulitajwa kwa nadra. Na hali katika mita moja ya juu ya udongo wa dunia mna tani zipatazo bilioni 1,500 za kaboni, karibu mara mbili ya ile iliyomo katika hewa. Kila tunapolima bila kurudisha kitu, sehemu yake huoza na kupaa. Kila tunaporudisha, sehemu hubaki chini. Mkutano wa Paris wa mwaka 2015 ulipozindua mpango wa kuongeza kaboni ya udongo kwa sehemu nne katika kila elfu kwa mwaka, Sombroek alikuwa kaburini miaka kumi na miwili. Alifariki Desemba 2003. Miaka yake ya mwisho alikuwa ameuacha uongozi wa mashirika, akarudi kwa vile vipande vidogo vya udongo mweusi alivyoviona kijana, akawakusanya wataalamu wa nchi mbalimbali watafute njia ya kuutengeneza upya, terra preta mpya, kwa ajili ya wakulima maskini wa leo. Wenzake walitoa kitabu kikubwa mwaka 2009 kilichobeba jina lake kuendeleza wazo hilo.

Hapa Kabete ushahidi ulikuwa ukijikusanya wenyewe. Mwaka 1976 lilianzishwa shamba la majaribio lenye mahindi na maharagwe, likapandwa kila mwaka kwa taratibu zile zile: sehemu moja bila kitu, nyingine mbolea ya dukani, nyingine samadi, nyingine mabua yakirudishwa ardhini, nyingine vyote kwa pamoja. Jaribio hilo halikuwa lake, lakini linalijibu swali lake. Baada ya miaka 18 mboji ilikuwa imepungua katika sehemu zote, hata zile zilizotunzwa. Zilizopoteza kidogo kuliko nyingine ni zile zilizopewa samadi na mbolea ya dukani pamoja, na mabua yake kuachwa shambani, na ndizo zilizotoa mavuno mengi zaidi. Yaani hata nitisoli, udongo ambao wengine duniani wanautamani, huisha ukichukuliwa bila kulipwa.

Natahadhari hapa nisieleweke vibaya. Akitokea mwanafunzi akahitimisha kwamba yafaa tukate miti tuchome makaa tuyazike, atakuwa ameharibu hesabu yote. Wanaofanya majaribio ya aina hii magharibi ya Kenya hutumia pia masalio ya shambani, kama vile magunzi, na hupata faida kubwa zaidi katika mashamba yaliyochoka. Wala sitaki kuahidi fedha. Mwaka 2014 mradi mmoja wa wakulima wa magharibi ya nchi ulipata vyeti vya kwanza vya kuuza kaboni iliyohifadhiwa ardhini. Gawio la mkulima mmoja mmoja lilikuwa dogo, na wengi waliendelea kwa sababu mahindi yalizaa.

Walimu wenzangu wa shule za msingi wanafundisha kwamba kuna udongo wa aina tatu, kichanga, mfinyanzi na tifutifu, na mtoto hulikariri jibu hilo kama kwamba udongo ni kitu tulichokikuta. Hapana kosa katika somo hilo, ila limepungukiwa. Halimwambii mtoto kwamba kuna udongo uliotengenezwa na watu. Wala halimtumi nyuma ya jiko la nyanya yake akaangalie.

Mimi nilitumwa huko, kwa njia ya mzunguko. Mama yangu ana umri wa miaka 78. Tangu nipate akili sijamwona akitupa jivu. Jivu na makaa ya jikoni, maganda ya ndizi, mifupa, vyungu vilivyovunjika, takataka za kuku, vyote vilikwenda sehemu moja nyuma ya jiko, na mahali hapo ndipo palipoota sukuma wiki, terere na maboga yaliyotulipia karo. Tulipokuwa vijana tulimwonea haya. Tulitaka ua wa saruji kama wa majirani. Mwezi wa Desemba mpwa wangu anayesomea kilimo alikuja likizo, nikamwonyesha ramani, kisha tukaenda kuchimba. Nyuma ya jiko udongo ni mweusi kwa kina cha kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, na ndani yake tulipata makaa na vipande vya chungu ambacho mama alikitambua. Hatua sita kutoka hapo ni mwekundu, ukianza juu kabisa. Mama alisema kwamba jambo hilo analijua, akauliza kama kuna mtu aliyedhani ni vinginevyo.

Robo ekari hiyo sasa inataka kuwa nyumba ya ghorofa tano. Ndugu zangu wamekwisha kuonana na mjenzi. Siwezi kuwalaumu, kodi ya vyumba vile itasomesha watoto wao, na toka Kangemi hadi Kinoo matuta yote yameota zege badala ya kahawa. Wala sina usafi wa kunihalalishia kuhubiri, kwa maana mimi mwenyewe nalala ghorofa ya tatu huko Kileleshwa, juu ya udongo ule ule mwekundu uliofukiwa kabla sijapangisha. Nililipinga wazo lao katika kikao cha jamaa, nikashindwa kwa kura tatu kwa mbili. Mama hakupiga kura. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza tu kama udongo wa nyuma ya jiko unaweza kuhamishwa, kwa kuwa dada yangu wa Kinangop ana nafasi. Mpwa wangu alijibu kwamba unaweza, na kwamba huko Brazili kuna watu wanaouchimba ule wao mweusi na kuuuza kwa bustani.

Mpima ardhi anakuja Jumamosi. Mama ameniagiza nifike mapema, na nije na magunia.